Mashimo Tisa, Kisha Nyumbani

Akina mama wenzetu, swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote tangu tuanze kucheza gofu halihusu fimbo wala mpira. Linahusu saa. "Muda mnautoa wapi?" Huuliza jirani kwenye foleni ya mashine ya kusaga, huuliza mama mchungaji, huuliza hata daktari wa wodi yetu, ambaye yeye mwenyewe anao muda wa kusimama na kuuliza. Na ndani ya swali hilo mna swali la pili lisilosemwa kwa sauti: mke wa mtu, mama wa watoto, anawezaje kutoka nyumbani asubuhi ya Jumamosi akaenda kupiga mpira mdogo kwenye majani?

Tumeona afadhali tulijibu hapa, mbele ya wake na mama wenzetu, kuliko kulijibu nusunusu mlangoni mwa kanisa.

Sisi ni watatu. Wawili ni wauguzi katika hospitali moja hapa Moshi, na mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Sote tumeolewa, sote tumevuka miaka 40, na kwa jumla tuna watoto kumi, wa kuwazaa na wa kuwalea. Wawili tunaimba kwaya, mmoja ni mweka hazina wa umoja wa wanawake, na kila Jumatano jioni tunazungukia wagonjwa wa mtaa. Hatuyasemi haya ili tusifiwe. Tunayasema ili mama msomaji ajue kwamba wiki yetu ni kama yake, imejaa mpaka pembeni.

Kiwanja cha gofu kiko hapa hapa mjini, na kwa miaka mingi tulikipita tukienda zamu bila hata kugeuza shingo. Tulijua ni cha wakubwa. Kisha mwaka 2017 yakafanyika mashindano ya hisani ya kuchangia watoto wagonjwa, nasi wauguzi wawili tukapangwa kukaa na sanduku la huduma ya kwanza. Kwa saa tano hakuumia mtu, isipokuwa bwana mmoja aliyeumwa na nyuki. Bibi mmoja mstaafu, mwenye kofia ya ukili, akatuonea huruma kwa jinsi tulivyokaa bila kazi. Alitukabidhi fimbo ile fupi ya kusukumia mpira shimoni, akasema tujaribu. Tulijaribu mpaka jua likazama. Yeyote aliyewahi kusikia mpira ukidondoka ndani ya kikombe cha shimo atatuelewa. Ni sauti ndogo tu, kama punje ya mahindi ikianguka kwenye sufuria tupu, lakini mtu hutaka kuisikia tena.

Mwalimu tulimwingiza sisi, naye hutukumbusha hivyo kila anapopoteza mpira.

Tuseme kwanza habari ya fedha, maana ndiyo inayonong'onwa. Gofu ni mchezo wa gharama, na anayesema sivyo hajawahi kununua fimbo. Sisi tulifanya upatu wa watu watatu. Kila mwezi kila mmoja alitoa kiasi tulichokubaliana, na zamu yako ikifika unalipa ada yako ya klabu. Sheria za mchezo zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Sisi tulianza na saba zilizotumika, kwa wanawake watatu, tukipokezana kama wanafunzi wanaochangia kitabu kimoja. Katika mashindano jambo hilo haliruhusiwi, lakini sisi hatukuwa tunashindana na mtu. Mipira tulinunua ile iliyookotwa kwenye majani. Waume zetu walijua kila shilingi tangu siku ya kwanza, na ada za shule hazikuguswa. Mama anayefikiria kuanza mchezo wowote wa kulipia tungemshauri aanze na kikao hicho cha nyumbani kabla hajatazama viatu.

Baada ya fedha ndipo saa. Mzunguko kamili wa gofu ni mashimo 18, na kwa watu wanne wanaotembea kwa miguu huchukua saa nne, mara nyingi zaidi. Ongeza kwenda na kurudi, ongeza maongezi, na Jumamosi yote imekwisha. Ni mwanamke gani mwenye nyumba awezaye kutoa siku namna hiyo? Lakini hiyo 18 haikushuka kutoka mbinguni. Kule St Andrews, Uskoti, mzunguko ulikuwa wa mashimo 22 hadi mwaka 1764, ndipo wakayapunguza yakawa 18, na ulimwengu ukawaiga. Ikiwa wao walipunguza, nasi tukapunguza. Kiwanja chetu kina mashimo tisa, na anayetaka 18 hukizunguka mara mbili. Sisi hukizunguka mara moja tu. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye majani na Kibo ikiwa wazi kabla mawingu hayajaifunika. Saa mbili na nusu tumemaliza. Saa tatu kila mmoja yuko jikoni kwake.

Wakubwa wa mchezo wenyewe nao wameanza kuona kwamba watu hawana muda. Mwaka 2019 walibadili sheria, na muda wa kutafuta mpira uliopotea ukashuka kutoka dakika tano hadi tatu. Mwaka 2020 ukaanza utaratibu mmoja wa dunia nzima wa handikapu, yaani ile namba inayopima uwezo wa mchezaji, na ndani yake matokeo ya mashimo tisa yanahesabiwa. Mwanzilishi, awe mwanamume au mwanamke, aweza kuanzia 54, na sisi hatukuona haya kuanzia huko. Kwetu kutafuta mpira ni dakika moja. Usipoonekana, unadondosha mwingine, tunaendelea.

Hata hivyo tusimdanganye mtu kwamba saa mbili hupatikana kwa hesabu ya saa peke yake. Nguo hufuliwa Ijumaa usiku. Maharage huchemshwa Ijumaa usiku. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku haruhusiwi kucheza, tumeliwekea jambo hilo sheria, kwa kuwa mgongo uliochoka kunyanyua wagonjwa usiku kucha haupendi kukunjwa tena kwa nguvu, na mtu mwenye usingizi akiwa na fimbo ya chuma mkononi ni hatari kwa wenzake. Kisha hapa kwetu Uchagani Jumamosi ni siku ya misiba na harusi. Msiba ukitokea, fimbo hulala. Mwaka mmoja, kati ya Juni na Agosti, tulicheza mara mbili tu. Na kuanzia katikati ya Desemba, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kila nyumba inageuka hoteli, hakuna anayethubutu hata kuutaja mchezo.

Mwenzetu mwalimu ndiye aliyepita mahali pagumu zaidi. Yeye na mumewe wameturuhusu kueleza, wakiomba tu majina yasitajwe. Mumewe hakumkataza. Angalikataza, pengine ingekuwa rahisi kuzungumza. Alinyamaza. Mwenzetu akirudi saa tatu humkuta amekaa sebuleni, watoto hawajanywa chai, chupa ya maji ya moto iko pale pale alipoiacha. Ikawa hivyo Jumamosi tano mfululizo. Ya sita akasema neno moja, "Jumamosi ni ya nyumba." Mwenzetu akaziweka fimbo nyuma ya mlango wa stoo, akaacha kuja. Miezi minne tulicheza wawili. Hatukumshawishi, maana ndoa ya mtu haisukumwi na marafiki kutoka nje, lakini tulikuwa tukifika shimo la nne, mahali alipozoea kuimba, tunatembea kimya.

Kilichofungua mazungumzo ni daftari. Kwa kuwa ni mwalimu, aliandika kwa majuma mawili saa za nyumba yake: nani ameamka lini, amefanya nini, amelala lini. Aliandika za kwake na za mumewe, bila kuongeza neno la lawama. Kisha wakalisoma pamoja usiku mmoja watoto wamelala. Mumewe alicheka alipokuta mpira wa Uingereza wa kwenye televisheni umeandikwa kwa dakika, pamoja na ule mpira wa maveterani wa Jumapili jioni na kikao kinachofuata baada yake. Hapa nasi tuna neno letu. Saa za baba mara nyingi hazihesabiwi, si kwa sababu ni chache, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza amezitoa wapi. Hatusemi wanyimwe. Mwanamume aliyefanya kazi wiki nzima anahitaji kukimbia na wenzake. Tunasema tu kwamba daftari likifunguliwa lifunguliwe kurasa zote mbili.

Lakini baada ya kucheka ndipo alipoeleza kilichokuwa kikimuuma, na hakikuwa saa hata kidogo. Kazini walikuwa wakimtania kwamba mkewe sasa anacheza na mabosi, na kwamba bila shaka ndiye mwenye nyumba. Alikuwa amelibeba neno hilo miezi yote. Mwenzetu hakubishana naye. Alimwomba jambo moja, aje siku moja aone. Akaja. Alitembea nasi mashimo yote tisa, mikono nyuma kama mkaguzi, na mabosi hakuwaona. Aliona wanawake watatu wenye viatu vilivyolowa umande wakiinama kutafuta mpira kwenye majani marefu. Kwenye shimo la saba alishika fimbo, akapiga, akakosa mpira kabisa. Hilo lilisaidia kuliko daftari.

Walikubaliana Jumamosi mbili kwa mwezi. Jumamosi hizo mbili uji na chai ni vya baba, na tunasikia uji wake una mabonge lakini unaliwa. Hadi leo ni mbili, wala hazijawa nne. Wapo wanaotuuliza kwa nini mwenzetu asidai zote. Hayo ni ya nyumba yao, na wao wametosheka.

Kanisani pia yalisemwa maneno. Lililosemwa zaidi lilikuwa la baa ya klabu. Ni kweli, klabu ina baa, kama hoteli nyingi tunazofanyia sherehe za kipaimara zilivyo na baa. Saa mbili na nusu asubuhi sisi hunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa tuliyokuja nayo. Jingine lilikuwa la mavazi. Mama mkwe wa mmoja wetu alipoona ile sketi-suruali alitazama kwa muda, halafu akasema neno ambalo bado tunalicheka: "Mnaupiga mpira uende mbali, halafu mnaufuata wenyewe kwa miguu? Si mngebaki nao mkononi?" Hatujapata jibu lake. Akina mama wa St Andrews walipoanzisha klabu yao mwaka 1867 walisukuma mipira kwa karibu tu, maana mwanamke kuinua fimbo juu ya bega kulionekana si adabu, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kutazamwa hivyo.

Kuhusu Jumapili hatukuwa na mjadala. Hatuchezi. Tulifurahi tulipojifunza kwamba ule Uwanja wa Kale wa St Andrews, unaoheshimiwa na wachezaji wa dunia yote, kwa kawaida hufungwa siku ya Jumapili hadi leo, na watu wa mji hupita humo wakitembea na watoto wao.

Mmoja wetu alipatwa na jambo ambalo wengi walilitumia kama hoja. Tulikuwa shimo la tano. Kwenye mchezo simu zetu hukaa ndani ya mfuko wa fimbo, na zikiwa zimewekwa kupokea za nyumbani tu. Ikalia. Kijana wake wa miaka tisa ameanguka kutoka kwenye mparachichi na mkono umepinda. Tulimwachia fimbo kijana anayetubebea, tukakimbia, wauguzi wawili na mwalimu nyuma yetu. Tulipofika hospitali tulimkuta baba amekwisha kumfikisha, mkono umefungwa kwa ubao na khanga vizuri kabisa, jinsi alivyomwona mkewe akiwafundisha vijana wa kanisa. Mfupa ulipona kwa majuma sita. Wiki ile ile tulisikia, "Mnaona sasa?" Tumeona, ndiyo. Mtoto angeanguka hata kama mama yake angekuwa sokoni, au wodini akifunga mkono wa mtoto wa mwingine, na hapo hakuna ambaye angeuliza. Tuliona pia kwamba baba yake alijua la kufanya. Mti wenyewe umekatwa tawi lile la chini.

Sasa tuseme kama wauguzi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kuzunguka mashimo tisa kwa miguu ni karibu saa mbili, kwa hiyo Jumamosi moja inatupatia sehemu kubwa ya hizo. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden, wa Taasisi ya Karolinska, walichapisha matokeo ya kufuatilia wachezaji gofu 300,000. Vifo miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 kuliko kwa watu wa jinsia, umri na hali ya maisha inayolingana na yao. Habari hiyo hupendwa sana na wachezaji, nasi tunaipenda, ila tuipime. Anayeweza kucheza gofu pengine alikuwa na afya njema tangu mwanzo, na utafiti wa namna hii hauwezi kutenganisha kabisa mambo hayo. Tena mama anayeshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani hadi kihambani hahitaji gofu kwa ajili ya moyo wake. Anachohitaji yeye ni kuketi.

Kwa hiyo kama ni suala la shinikizo la damu tu, tungewaambia mtembee kwenda sokoni, na makala haya yangeishia hapo. Kuna jambo jingine, na lilituchukua miaka kulipatia maneno. Wodini nukta moja ikikaa mahali pasipo pake kwenye dozi, mtoto anaweza kupotea. Darasani neno moja la hasira laweza kukaa ndani ya mtoto miaka thelathini. Nyumbani ukisahau kulipa bima, ukisahau siku ya chanjo, ukimjibu mama mkwe kwa sauti isiyofaa, lazima kuna atakayelipa. Mwanamke mzima huishi wiki nzima mahali ambapo hakuna kosa dogo. Kisha anasimama mbele ya mpira mweupe, anapiga kwa nguvu zake zote, na mpira unaingia kichakani. Na hakuna anayeumia! Hakuna anayelia, hakuna fomu ya kujaza. Wenzake wanacheka, naye anacheka, anapiga tena. Sisi hatukujua jinsi tulivyolihitaji jambo hilo mpaka tulipolipata. Kwa saa mbili hatuitwi "sista", hatuitwi "mwalimu", hatuitwi "mama". Tunaitwa kwa majina yetu ya ubatizo, ambayo baadhi yetu tulikuwa karibu kuyasahau.

Si lazima liwe gofu. Jirani yetu hupata jambo hilo hilo kwa kufuma vitambaa, na hufumua nusu ya anachofuma. Mwingine analima maua ambayo hauzi. Lakini tunavyoona sisi, kitu chenyewe sharti kiwe na mambo mawili: kisiwe huduma kwa mtu yeyote, na kisiwe na faida ya kutolea hesabu. Mwanamke akianza tu kuuza, kimekuwa kazi nyingine. Mmoja wetu aliwahi kushauriwa aanzishe biashara ya kuuza kofia za gofu. Alikataa, nasi tulimpongeza.

Je, tumekuwa wachezaji hodari? La hasha. Hapo Arusha tu kuna Madina Iddi, aliyeiwakilisha nchi yetu nje, na tukimfikiria yeye tunajua tunachofanya sisi kinastahili jina lingine. Baada ya miaka yote hii, aliye bora kati yetu bado anahitaji mikwaju zaidi ya 50 kumaliza mashimo tisa. Tumekubaliana tusiandike hesabu katika Kwaresima. Mwalimu anasema ni kwa ajili ya unyenyekevu, na sisi wengine tunadhani ni kwa sababu mvua za masika hufanya mpira ukwame kwenye tope.

Mwaka huu binti mkubwa wa mmoja wetu, aliye kidato cha tatu, ameanza kutufuata. Tulimchukua ili atusaidie kubeba fimbo. Jumamosi ya pili akaomba ajaribu, na mpira wake ukapita wetu wote mitatu ukitua katikati ya majani mafupi. Amesema atakuja tena, lakini fimbo za mama yake habebi mpaka walipane kama anavyolipwa kijana mwingine yeyote pale kiwanjani. Upatu wetu mwezi huu umeongezeka mtu wa nne.